Panya Sita wa Mzee Yotamu

Sikulitamka jina la baba mkwe wangu kwa miaka sita, na siku nilipolitamka nilikuwa nimekwisha kumuua, au ndivyo nilivyodhani. Leo nalitamka nitakavyo. Yotamu. Yotamu. Waliokuwa wakitoza watu ng'ombe kwa kosa hilo wamekwisha kufa, na mimi nimezeeka, sina wa kumwogopa.

Kwetu Unyakyusa mwanamke akiolewa humwogopa baba wa mume wake. Tunaita kutila. Hamtazami, hasemi naye, hapishani naye njiani. Akimwona kwa mbali huiacha njia na kujitosa migombani, hata kama ana mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana nalo. Wenzangu walioolewa mwaka mmoja nami walipoteza neno la jembe au la mvua, wakatafuta jingine, maisha yakaendelea. Mimi nilipata Yotamu. Kijijini halikunisumbua, lakini tulihamia Mbeya mjini, ambako majirani walikuwa Wasafwa, Wahehe na Wasangu, na lugha ya wote ilikuwa Kiswahili. Nikanyang'anywa neno "tamu". Chai ikawa ya sukari, viazi vitamu vikawa viazi vya kutambaa, ndizi mbivu zikawa zimekubali. Bombani wenzangu walinichokoza: "Sekela, hebu tuambie, asali ikoje?" Nilisema asali ni asali.

Yotamu alikuwa mtunza panya wa ofisi ya mifugo. Ni kazi kweli, msicheke. Miaka ile ya hamsini mbwa wenye kichaa walikuwa wengi kwetu, na hapakuwa na njia rahisi ya kumtofautisha mwenye kichaa na mkali wa kawaida. Mbwa akiuma mtu, Bwana Mifugo, Mzungu wa ofisi, alimkata kichwa, akatoa ubongo, akausaga pamoja na maji, akawadunga panya weupe sita utosini kwa sindano nyembamba. Watu walioumwa na mbwa yule wakangoja. Panya wakipooza miguu, mbwa alikuwa na kichaa, na aliyeumwa alidungwa sindano kumi na nne za tumboni, moja kila siku. Panya wakila na kugombana kwa majuma mawili, kila mtu alirudi kwake. Dawa ya sindano hizo ilikuwa adimu, ililetwa kwa ndege kutoka mbali, kwa hiyo hakupewa mtu kabla panya hawajatoa jibu.

Ofisini panya hawakuzaana. Chumba chao kilikuwa cha saruji, na baridi ya Mbeya mwezi wa sita iliwaua kabla hata ya sindano. Yotamu akamwambia Mzungu kwamba kwake kuna jiko ambalo moto hauzimiki. Jiko hilo lilikuwa langu. Hivyo ndivyo panya zaidi ya mia walivyohamia kwangu, wazima kwa wa sindano, na hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi.

Niliwafuga ndani ya madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa ubavuni na kuzibwa kwa waya. Chini nilitandaza maranda ya mbao, juu yake majani makavu ya mgomba niliyoyachanachana, wafanyie kiota. Dume mmoja kwa majike watatu. Jike akianza kuvimba namtenga. Siku ya ishirini anazaa vitoto vyekundu visivyo na manyoya, na hapo humgusi, maana ukimshtua anawala wote, anaanzia kichwani. Wakifika majuma matatu nawatoa kwa mama yao, nainua mkia wa mmoja mmoja nijue dume ni yupi na jike ni yupi. Ukikosea hapo, mwezi unaofuata una panya arobaini ambao hawana kazi. Waliozidi niliwatia kwenye ndoo ya maji nikafunika. Sikuwaonea huruma. Mkojo wa madume uliingia kwenye nguo zangu, kwenye nywele zangu, kwenye ugali, na mwanangu Ikupa alinuka panya tangu alipokuwa mchanga.

Mume wangu Fanueli alikuwa migodini Afrika Kusini. Aliondoka nikiwa na mimba. Nyumbani tulikuwa wanne: Yotamu, mkewe Lea, mimi, na Ikupa wa miaka miwili. Yotamu akitaka kukagua panya wake alikohoa mara tatu nje ya jiko, nami nikatoka mbio, kanga nimejifunika usoni. Akitaka kuniambia neno, alimwambia Lea kwa sauti kubwa, hali mimi niko upande wa pili wa ukuta wa matete nasikia kila kitu.

"Lea, mwambie mkweo debe la tatu linanuka."

Na Lea, masikini wa Mungu, aligeuka akarudia: "Sekela, debe la tatu linanuka."

"Mama, mwambie nitalisafisha."

"Anasema atalisafisha."

Sikatai kwamba desturi ina maana yake. Inaweka heshima kati ya mzee na mke wa mwanawe, na wanaume wengi waliitumia kwa upole. Walipiga mluzi mapema, walichagua njia ndefu ili wakwe zao wapite kwa raha. Yotamu aliitumia vingine. Akikasirika, alikwenda kukaa mahali nilipohitaji kupita.

Mwezi wa tatu Ikupa alishikwa na homa, akakataa kula. Nikampikia uji wa ulezi, nikatia asali, nikambembeleza kwa Kiswahili alichokizoea kwa watoto wa majirani. "Kunywa, mama. Uji mtamu." Neno lilitoka lenyewe. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

Kesho yake asubuhi Lea alikuwa shambani. Nikamwacha mtoto amelala ndani, nikaenda bombani mara moja. Niliporudi, Yotamu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba, ameinyosha miguu mlango mzima, anashona waya wa debe juani. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Nikasimama nyuma ya migomba na ndoo kichwani. Nikakohoa. Nikapiga makofi polepole kama inavyotakiwa. Hakuinua kichwa. Ndipo nikamsikia Ikupa ndani. Hakuwa analia. Ilikuwa ile sauti ya kooni ya mtoto mwenye degedege, na visigino vyake vilikuwa vinagonga kitanda.

Yotamu alisikia pia, alikuwa karibu kuliko mimi. Akasema, akiuambia waya wake: "Mtu mwenye adabu hungoja."

Nikangoja. Hilo nataka mlijue kabla ya mengine yote. Hakunishika mkono, hakunifunga kamba. Ningeweza kumruka. Nilisimama na ndoo yangu, mkwe mwenye adabu, nikikitazama kidole gumba chake kikikaza waya, kikikaza, kikikaza, mpaka alipotokea Tekla.

Tekla alikuwa Mhehe wa Kihesa, Iringa, mke wa Edmund fundi seremala. Ndiye aliyetuletea maranda kutoka karakana ya mumewe. Alifika na gunia lake, akasikia, akalitupa gunia, akairuka ile miguu, akatoka na mwanangu mikononi. Ikupa alikuwa amekwisha kukata roho. Tekla akamgeukia yule mzee, akamwambia maneno ya Kihehe ambayo siyajui mpaka leo, kisha kwa Kiswahili: "Wewe baba siyo mtu kabisa." Yotamu alikusanya waya wake akaenda zake. Mazishini alisoma zaburi, maana alikuwa mzee wa kanisa, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Nilimchukia. Nilimchukia nikipika, nikifua mashati yake, nikisali. Nilijichukia na mimi kwa zile hatua kumi nisizozipiga, lakini kujichukia kunachosha, nami nilikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo chuki yote nikampa yeye. Nilipowazamisha panya waliozidi nilibonyeza kifuniko kwa mikono miwili, ingawa mmoja ulitosha.

Mwezi wa saba mbwa wa manjano asiye na mwenyewe alimuuma Yotamu kwenye shavu la mguu akiwa juu ya baiskeli. Alimpiga kwa pampu mpaka akafa, akamfunga nyuma ya baiskeli, akampeleka ofisini yeye mwenyewe. Kichwa kikakatwa, panya sita wakadungwa, na Yotamu akawaleta nyumbani kwenye debe lililofunikwa kitambaa chekundu. Aliyekuwa akiwapa wenzake majibu miaka miwili, safari hii alikuwa anangoja la kwake, na panya wenyewe nilikuwa nimewalea mimi.

"Lea," akasema nje ya ukuta, "mwambie mkweo hawa sita ni wangu. Wale vizuri. Asiwashtue."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliogopa. Alikwisha kuwaona watu wawili waliokufa kwa ugonjwa huo, na wakati mmoja alimsimulia Lea mpaka Lea akashindwa kula: wanataka maji, wakiletewa maji koo linajifunga, wanapiga kelele, wanafungwa kitandani kwa kamba. Aliziogopa pia sindano kumi na nne. Kila asubuhi na kila jioni alikohoa, nikatoka, akaingia kuwatazama panya wake. Kila alipotoka alipiga mluzi wimbo wa kanisani.

Siku ya nane asubuhi, yeye akiwa amekwisha kwenda kazini, nilifunua kitambaa nikakuta wawili wamekunja mgongo, manyoya yamesimama. Mmoja alijaribu kuifuata punje ya mahindi, miguu ya nyuma ikaburutika. Nilikuwa nimewalea panya miaka miwili. Sikuhitaji Mzungu wa kunieleza.

Nikakaa kwenye kigoda. Nilichokifikiri ni hiki: sina ruhusa ya kusema naye. Miaka sita nimefundishwa kwamba kinywa changu hakina neno kwa mtu huyu. Basi vema, sitasema neno. Nitakuwa mkwe mwenye adabu kuliko wote waliopata kuolewa Unyakyusa.

Lakini panya wangesema badala yangu, kwa hiyo ilibidi waondoke. Nikachagua sita wazima wa umri ule ule kutoka debe la nne. Yotamu hakuwa mjinga. Kila alipokagua alitafuta kile kidonda kidogo cha sindano utosini. Nikachukua sindano ya kushonea, nikawachoma mmoja baada ya mwingine, si kwa kina, kiasi cha tone la damu kutoka na kuganda. Walilia kwa ile sauti yao nyembamba. Wale sita wa kwanza nikawashika kwa koleo nikawatia motoni, wawili wagonjwa na wanne ambao walikuwa bado. Jikoni kwangu palikuwa pakinuka siku zote, hakuna aliyeuliza.

Jioni akakohoa, nikatoka, akakagua. Nikamsikia akimwambia Lea, "Wanakula kama wageni wa harusi." Nikacheka ndani ya kanga yangu. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya. Siku nne zile nilizomchungulia mgongo kupitia matete, akipasua kuni, akipunguza ndevu, akimkemea Lea kwa chumvi, hali najua ninachokijua, zilikuwa siku tamu kuliko zote nilizopata kuishi. Mnaona, nilikuwa nimelirudisha neno langu.

Siku ya kumi na mbili Tekla alikuja na gunia la maranda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Kamwene, mama Ikupa," akanisalimu kwa Kihehe. Alikuwa mtu peke yake aliyeendelea kuniita kwa jina la mwanangu.

"Mkono una nini, dada?"

"Aa, mbwa. Si ile ya manjano iliyomuma mzee wako? Ilipita kwetu kwanza. Mimi niko nje nakusanya maranda, ikanirukia. Edmund nilimwambia nimejikata na msumeno, nilijua atanipigia kelele. Juzi amefungua kitambaa, ameona meno, amenipeleka hospitali. Wamesema wameandika jina langu, tungoje panya." Akacheka. "Nikamwambia Edmund, panya wenyewe wako kwa mama Ikupa, mimi nalala usingizi. Wanaendeleaje?"

Tekla akainama juu ya debe la kitambaa chekundu, akawatazama panya sita wakigombania mahindi.

"Wazima kabisa," akasema. "Mungu asifiwe."

"Dada Tekla, rudi hospitali. Rudi leo."

"Kwa nini? Si wanakula?"

"Hawa usiwaamini. Nenda uwaambie wakupe dawa."

"Watanipaje bila karatasi ya ofisi? Wamesema mpaka karatasi." Akanitazama vizuri. "Mama Ikupa, unaumwa?"

Nikamwambia arudi kwake akaningoje karakana. Mimi nikaenda ofisi ya mifugo, mbio, sina viatu. Bwana Mifugo alikuwa safarini. Alikuwapo karani, kijana amevaa tai, anakunywa chai. Nikamwambia panya wa mbwa wa manjano wamekufa.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayewalisha."

"Mwenye panya ni Mzee Yotamu. Amepita hapa asubuhi, ameandikisha wazima sita. Hii hapa." Akagonga daftari kwa kidole.

"Sio wale. Wale nimewachoma moto, nimeweka wengine."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mama, nenda kapike. Kama panya wamekufa, mwenye panya aje mwenyewe aseme. Mimi siandiki habari za jikoni."

Nilirudi polepole. Njia nzima nilipiga hesabu ile ile na haikubadilika. Nikinyamaza, wanakufa wawili. Nikisema, wanapona wawili. Nilitaka afe mmoja, na njia ya kumuua mmoja haikuwapo. Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Nilikuwa nanyang'anywa tena kitu changu.

Yotamu alikuwa uani, anakula viazi. Sikukohoa. Sikujifunika. Nikaenda nikasimama mbele yake, kivuli changu kikaingia kwenye sahani yake, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa mzee mdogo, ana kovu juu ya jicho, na ganda la kiazi limemganda kwenye ndevu. Miaka yote ile nilifikiri ana uso mkubwa zaidi.

"Yotamu," nikasema. "Panya wako walipooza siku ya nane. Nimewachoma. Waliomo humo nimewaweka mimi. Mbwa alikuwa na kichaa."

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Jifunike."

Lea, aliyekuwa anapepeta ulezi, aliangusha ungo akaanza kupiga yowe. Hakuwa anamlilia mumewe. Alikuwa analilia jina.

"Tekla ameumwa na mbwa huyo huyo," nikasema. "Mke wa Edmund. Nenda ukaseme ofisini mpate dawa, wewe na yeye. Unanisikia, Yotamu? Wewe na yeye."

Hapo ndipo alipoelewa. Midomo yake ilibadilika rangi. Akasimama, sahani ikaanguka, akaichukua baiskeli, akaondoka bila kofia, mtu ambaye hata chooni alikwenda na kofia. Nami nikakimbia karakana. Tulikwenda hospitali kwa miguu, mimi, Tekla na Edmund, tukipandisha kilima, Tekla akituuliza kwa nini tunamkimbiza kama mwizi. Baiskeli ilikuwa imetutangulia.

Sanduku la dawa lilikuwa moja. Chupa kumi na nne, za mtu mmoja. Yotamu alikuwa amemwambia karani kwamba panya wameanza kupooza mchana ule ule, ameona kwa macho yake, na karani, ambaye kwangu alicheka, akaandika karatasi amesimama. Tulipofika Yotamu amelala kitandani, shati limepandishwa, sindano ya kwanza imekwisha kuingia. Jina la Tekla lilikuwamo daftarini, mstari mmoja juu ya la kwake. Lakini yeye alikuwapo na Tekla hakuwapo. Daktari alisema sanduku likifunguliwa haligawanywi, nusu ya dawa ni sawa na kukosa dawa. Lingine ataliitisha kwa simu, litafika kabla ya juma kwisha.

Edmund alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Akapiga magoti karibu na kitanda. "Baba, wewe imekuuma juu ya suruali, tena mguuni. Mke wangu imemwingia mkononi, nyama tupu. Wewe umekula miaka yako. Mwachie hizi, wewe uchukue zinazokuja."

Yotamu akageukia ukutani. "Mwenye panya ni mimi," akasema.

Juma likaisha. La pili likaisha. Ndege iliishia njiani kwa sababu ya mawingu, sanduku likapandishwa lori, lori likaharibika. Edmund alikwenda hospitali kila asubuhi kabla ya kufungua karakana. Yotamu naye alikwenda kila asubuhi, kwa baiskeli yake, kudungwa. Wakati mwingine walipishana mlangoni. Siku ya ishirini na tisa tangu kuumwa, Tekla alisema kidonda kilichopona kinamwasha. Siku ya thelathini na moja aliletewa kikombe cha maji, akakitupa.

Sitasimulia yote. Alifungwa kwa kamba za mkonge za kufungia mbao. Akitulia alikuwa na akili zake kamili, na hilo ndilo baya zaidi. Mara moja aliniita, nikainama, Edmund akinivuta nisikaribie mdomo wake.

"Mama Ikupa," akasema, "wameniambia. Umesimama mbele ya mkwe wako, umemwita jina. Kwa sababu yangu."

Nikamfuta jasho. Alikufa Jumatano, sanduku likafika Ijumaa.

Mwezi wa tisa wazee wa ukoo walikaa kunihukumu. Mashtaka yalikuwa mawili: nimemtazama baba mkwe na nimemtamka. Juu ya panya hapakuwa na mashtaka. Mtunza panya aliyebadilishiwa panya na mwanamke jikoni kwake angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na Yotamu alilijua hilo. Kabla ya kikao alikuja nje ya ukuta, tumbo bado limemvimba kwa sindano, akaita kwa sauti ya chini.

"Lea, mwambie mkweo panya waliugua mchana ule. Hakuna habari nyingine."

"Mama," nikasema, "mwambie nimesikia."

Ni jambo la pekee tulilopata kukubaliana, mimi na yeye. Wazee wakasema baba yangu atoe ng'ombe mmoja wa kuosha jina, nami niombe radhi nikiwa nimepiga magoti, nimewapa mgongo, kisha nirudi kwenye kazi zangu. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuomba radhi Edmund alipoingia uani, hakualikwa, Mhehe peke yake kati ya Wanyakyusa. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika kanga ya Tekla, imefuliwa na kukunjwa.

"Naomba wazee mnisamehe," akasema. "Mimi mila yenu siijui. Najua kitu kimoja. Mke wangu alipokuwa anakufa, watu wote wa Mbeya hii walikuwa wanasema ngoja. Daktari anasema ngoja. Karani anasema ngoja. Huyu mama peke yake alikimbia. Mnamtoza ng'ombe kwa sababu alitaka Tekla aishi." Akaja akapiga magoti mbele yangu, na kwa kuwa nilikuwa nimewapa wazee mgongo, uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu. "Tekla alisema kanga yake uvae wewe. Asante, mama Ikupa. Mungu akulipe kama ulivyotutendea."

Nikageuza kichwa. Wazee wote walikuwa wanatazama chini kwa haya. Yotamu peke yake alikuwa ananitazama mimi, machoni, bila kujificha, anangoja kusikia nitajibu nini.

"Si neno, shemeji," nikasema, nikaipokea kanga.